Mifupa ya Mtu Asiyekula Nyama wala Maziwa

Ndugu wakulima, kabla sijaajiriwa katika afisi ya kilimo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na palikuwa na somo moja ambalo wanafunzi wangu hawakulisahau. Nanyi mwaweza kulifanya nyumbani. Twaa mfupa wa paja la kuku, uusafishe vyema, uutumbukize katika chupa ya siki, uuache humo kwa muda wa juma moja. Siki ikichafuka, ibadilishe. Ukiutoa utauona ni mfupa ule ule kwa umbo na kwa urefu, lakini sasa wapindika kama kamba. Siki imeyeyusha madini yaliyoufanya uwe mgumu, na zimebaki nyuzi tu. Kisha twaa mfupa mwingine, uuchome katika moto mkali mpaka uwe mweupe kabisa. Huo nao utabaki na umbo lake, lakini ukiufinya kwa vidole wavunjika kama chaki. Moto umeziunguza nyuzi, na yamebaki madini peke yake.

Basi mfupa ni vitu viwili vilivyoshikamana. Nyuzi zake mwili huzitengeneza kwa vyakula vya kujenga mwili, kama maharagwe, kunde, pojo na mbaazi, na kwa upande huo wakulima wa pwani hatuna shida kubwa. Madini yake makuu huitwa kalsiamu. Ndiyo iliyomo katika chokaa, katika makombe ya pwani na katika ganda la yai. Mwili wa mtu hauwezi kuitengeneza hata kidogo. Hapana budi iingie kwa kinywa.

Kila mwenye kuku wa mayai ajua jambo hili, ijapokuwa hakulisoma. Ukimnyima kuku chokaa, haachi kutaga mara moja. Huendelea kutaga huku akiichukua kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe, mpaka siku moja unaokota yai lenye ganda laini kama karatasi, na kuku mwenyewe amelala ubavu, hawezi kusimama. Kwa hiyo twawaambia wakulima kila mara, nanyi mwasikia: makombe yaliyopondwa yawe katika chombo chake, kuku ajilie apendavyo. Mimi mwenyewe nimezichapa karatasi za maelezo hayo, sijui mara ngapi.

Na mwaka ule ule nilipokuwa nikizichapa, mtoto wangu wa pili alikuwa akipinda miguu.

Tulikuwa tumepanga chumba Likoni. Mama yake alifanya kazi ng'ambo, akivuka feri alfajiri na kurudi jioni, na mtoto alitunzwa na msichana wa jirani ambaye, kwa kuogopa magari na pikipiki, alikaa naye ndani mlango umefungwa. Alipoachishwa ziwa alikunywa uji mweupe wa sembe wenye sukari. Mchana sima na maharagwe. Jioni wali wa nazi. Hakuwa na njaa. Alikuwa mnene, na wageni walimsifu. Lakini alipokaribia miaka miwili alikuwa bado hajatembea sawasawa, vifundo vya mikono vilivimba, na miguu ilikuwa imepinda kama upinde. Mzee mmoja wa kike akatuambia kwamba ni kwa sababu ya kubebwa kwa mbeleko. Mwingine akasema tulimsimamisha kabla ya wakati wake. Daktari alipompiga picha ya mifupa hakuuliza habari za mbeleko. Aliuliza, mtoto huyu ala nini, na jua aliona saa ngapi? Nikamjibu huku nikitazama chini, maana kuku wa watu niliwahesabia chokaa yao, na mtoto wangu sikumhesabia.

Alipewa dawa ya matone na vidonge vya kalsiamu, nasi tukabadili chakula chake na desturi zetu. Miguu ilinyooka polepole, kwa muda wa miaka miwili hivi, na sasa acheza mpira. Si kila mtoto ambaye huwa na bahati hiyo. Akicheleweshwa mpaka mifupa ikomae katika kupinda, dawa ya matone haitoshi tena, na kunyoosha ni kazi ya kisu cha daktari.

Nieleze hapa, ili wazazi wasishtuke bure, kwamba mtoto mchanga huzaliwa na miguu iliyojikunja kidogo, na wengi huendelea hivyo mpaka kufika umri wa karibu miaka miwili, kisha hujinyosha wenyewe. Wa kupelekwa hospitali ni yule ambaye kupinda kwazidi badala ya kupungua, au mguu mmoja wapinda kuliko wa pili, au vifundo vimevimba, au mbavu zina vinundu kama tasbihi, au meno na kutembea vimechelewa sana.

Shida hii si ya mjini tu

Mkulima wa skimu aweza kusema, hayo ni mambo ya vyumba vya kupanga. Sisi tuna shamba, tuna hewa. Kweli, lakini hebu tazama kinachobaki nyumbani. Mwenye ng'ombe hukamua alfajiri, na kabla ya saa moja maziwa yamekwisha ondoka kwa pikipiki kwenda mjini, kwa kuwa karo ya shule hailipwi kwa maziwa yaliyonywewa. Mayai hivyo hivyo. Watoto waliokata majani ya ng'ombe huyo hunywa chai ya rangi. Na wengine hawana ng'ombe kabisa. Mahali kama Shimba Hills ndorobo amewatia watu hasara tangu zamani, na mtu aliyekwisha kuzika ng'ombe wawili hana haraka ya kununua wa tatu. Nyama ni ya Idi, ya Krismasi na ya harusi. Basi nyumba nyingi katika skimu huishi kwa mimea tu, ingawa hakuna aliyekata shauri kuishi hivyo.

Wapo pia waliokata shauri. Katika Mombasa wako majirani zetu Wahindi wa dini za Kihindu na Kijaini ambao jamaa zao hawakugusa nyama kwa vizazi vingi, nao huishi na kufanya kazi kama sisi; lakini wengi wao hunywa maziwa na hula mtindi kila siku. Asiyekula nyama wala kunywa maziwa ndiye anayehitaji kuhesabu. Sitamwambia anunue ng'ombe. Nitamwonyesha hesabu.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula hushauri kwamba mtu mzima apate miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, yaani gramu moja, uzito wa punje chache za mahindi. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 yamfaa 600, na kijana wa miaka 10 hadi 18, ambaye mifupa yake yakua kwa haraka, 1,300. Sasa pima sima. Unga wa mahindi hauna hata miligramu 10 katika gramu 100. Mtu mwenye nguvu za kulima aweza kula gramu 400 za unga kwa siku, naye hatapata hata miligramu 40. Wali haupiti sana hapo, muhogo ni hivyo hivyo, na nazi, ambayo twaipenda sisi sote, haina msaada kwa jambo hili. Tumbo limejaa na mfupa haukupata kitu.

Mtu mwingine atasema, mimi nanunua unga wa paketi uliotiwa virutubisho. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yawataka wasagaji watie katika unga vitamini kadha wa kadha pamoja na madini ya chuma na zinki, na jambo hilo lina faida yake. Lakini kalsiamu haimo katika orodha ile, wala vitamini D.

Jambo hili lilionekana katika nchi yetu zamani. Mwaka 1931 ilichapwa huko Uingereza ripoti ya John Boyd Orr na J. L. Gilks, ambaye alikuwa mkuu wa idara ya matibabu ya Kenya. Waliwapima Wamaasai, ambao walikunywa maziwa kwa wingi, na Wakikuyu, ambao walikula zaidi nafaka, viazi na maharagwe. Wakaandika kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kikuyu inchi 5 kwa urefu, na kwamba chakula cha Wakikuyu kilipungukiwa na kalsiamu. Ripoti hiyo imekosolewa sana baadaye, na mimi pia sipendi kupima watu kabila kwa kabila kana kwamba umaskini na uhaba wa ardhi si kitu. Lakini limo ndani yake jambo moja ambalo lafaa kukumbukwa: tofauti baina ya wanawake ilikuwa ndogo kuliko baina ya wanaume, na wanawake wa Kikuyu walikuwa na desturi ya kula majani mabichi ya mboga ambayo wanaume hawakuyajali. (Huyo Orr ndiye aliyekuwa baadaye mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.)

Ushahidi wa karibu zaidi na hali yetu ni wa Nigeria. Nchi ile ina jua kama hii, na hata hivyo katika sehemu za Jos watoto wengi walipinda miguu. Mwaka 1999 madaktari walitangaza habari za watoto 123 waliotibiwa huko. Watoto hao walizoea chakula cha nafaka kilichowapa karibu miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Wengine walipewa vitamini D, wengine kalsiamu, wengine zote mbili. Waliopewa kalsiamu walipona vyema kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Yaani jua lilikuwapo, kilichokosekana ni madini. Mpaka niliposoma habari hizo nilikuwa nikiamini kwamba mtoto wa Afrika akicheza nje basi yote yametimia.

Na huko Uingereza, ambako wako watu waliokataa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa hiari yao, wataalamu wa Oxford waliwafuatilia kwa miaka. Mwaka 2007 walitangaza kwamba watu hao walivunjika mifupa zaidi ya wala nyama, karibu theluthi moja zaidi. Lakini walipowatazama wale tu waliopata angalau miligramu 525 za kalsiamu kwa siku, tofauti haikuonekana tena. Mwaka 2020 walirudia kwa watu wengi zaidi na miaka mingi zaidi, wakaona hatari bado ipo, hasa kuvunjika nyonga, na sehemu ya sababu ni wembamba wa mwili na upungufu wa vyakula vya kujenga mwili. Kwa hiyo mimi nimeichukua ile 525 kuwa ni mstari wa chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima asikubali kuanguka chini yake, na 1,000 kuwa ni mahali pa kupandia.

Itapatikana wapi

Chakula cha kwanza ni wimbi. Katika gramu 100 za wimbi mna karibu miligramu 340, mara 40 na zaidi kuliko mahindi. Hakuna nafaka nyingine katika soko letu inayoikaribia. Wimbi si zao la pwani. Letu hutoka bara, na Kongowea hupatikana mwaka mzima. Lakini tazama unachonunua. Unga wa uji uliochanganywa tayari mara nyingi huwa na mahindi na muhogo mwingi, na wimbi la kutia rangi tu. Afadhali ununue wimbi lenyewe, ulipepete, uondoe mchanga, ukasage. Na afadhali zaidi uuroweke unga usiku kucha uchachuke kidogo, au uliache wimbi lichipue kabla ya kulianika na kulisaga. Nafaka zote zina kitu kinachoishika kalsiamu isitoke ndani ya tumbo, na kuchachua au kuchipusha hukipunguza. Bibi zetu walichachua uji kwa ajili ya ladha, na hawakukosea.

La pili ni majani, na hapa nataka nikae kidogo, kwa maana kuna kosa ambalo hata sisi wa afisi ya kilimo tumelifanya. Tumezoea kusema, "kuleni mboga za majani," kana kwamba majani yote ni mamoja. Sivyo. Mchicha una kalsiamu nyingi ukipimwa mbichi, zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100. Lakini ndani yake mna asidi ambayo huifunga kalsiamu hiyo, ikapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Spinachi, ambayo ni jamaa ya mchicha, imepimwa, na mwili hupata karibu sehemu 1 katika 20 tu. Sukuma wiki ni kinyume chake. Ina kalsiamu kiasi kile kile, miligramu 200 na zaidi, na kwa mboga za ukoo wake mwili huchukua karibu sehemu 4 katika 10, ambazo hupita hata za maziwa. Kwa hiyo mchicha uliwe, una faida nyingine nyingi, za damu na za macho. Lakini asihesabu mtu kwamba amelisha mifupa. Ukiupika kwa maji mengi na kuyamwaga, asidi ile hupungua.

Baina ya hayo mawili kuna majani yetu wenyewe, ambayo huota bila kuombwa. Mlenda una karibu miligramu 200. Majani ya mlonge, ambao wengine huuita mzunze, yana karibu 185 yakiwa mabichi, na yakikaushwa kivulini na kusagwa ni mengi zaidi kwa uzito. Majani ya kunde na mnavu ni mema. Mchunga, ambao mwaupalilia na kuutupa, ni mboga, ijapokuwa mchungu. Kisamvu kina kalsiamu nyingi, lakini kina sumu yake, na lazima kitwangwe vyema na kichemshwe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Asidanganyike mtu kukipika haraka kwa kuwa gesi imepanda bei.

Hapo pana jambo la magadi. Watu wengi hutia magadi ili majani magumu yalainike. Magadi huharibu vitamini za mboga, huongeza chumvi, ambayo huifukuza kalsiamu katika mkojo, na tena mengine yana fluoridi nyingi, ambayo ikizidi kwa miaka huharibu meno na mifupa kwa njia yake nyingine. Ukitia tui la nazi badala yake mboga italainika ulimini hata kama haikulainika chunguni.

Ufuta wenye maganda yake una kalsiamu nyingi sana kwa hesabu ya vitabu, karibu miligramu 970 katika gramu 100, lakini nyingi yake iko katika ganda, nayo imefungwa kama ile ya mchicha. Ufuta mweupe uliokobolewa hauna hata 100. Mimi naula kwa utamu wake na siutegemei. Ubuyu ni mzuri zaidi, unga wake una miligramu 200 hadi 400. Nasema ubuyu wenyewe, uliokorogwa katika uji au maji, wala si zile mbegu nyekundu zenye sukari na rangi ambazo watoto hununua mlangoni mwa shule na kurudi na ulimi kama wa chui aliyekula.

Chokaa ya tambuu je? Mzee mmoja wa Mtongwe aliniuliza hivyo, na swali lake si la upuzi. Huko Mexico watu wamechemsha mahindi kwa chokaa tangu kale, na chapati zao zina kalsiamu nyingi kwa sababu hiyo. Lakini chokaa ile ni ya chakula, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kuoshwa. Chokaa ya dukani ya kupaka nyumba isiingie jikoni kabisa, na tambuu yenyewe huleta saratani ya kinywa. Nilimwambia aendelee na uji wa wimbi.

Sasa jumlisha. Asubuhi uji wa gramu 50 za wimbi, yaani vijiko vikubwa vitano vilivyojaa: miligramu 170. Mchana fungu la sukuma wiki la gramu 150 kwa kila mtu: kama 300. Jioni konzi ya majani ya mlonge katika kunde za nazi: 90. Jumla ni 560, na sima haijahesabiwa, wala kunde. Mstari wa 525 umevukwa bila tone la maziwa. Ukiongeza ubuyu na fungu la pili la majani waielekea 1,000. Na nyumba isiyokataa samaki itwae dagaa wakavu, waliwe na mifupa yao; hao ndio makombe ya kuku kwa upande wetu.

Jua, na mengine machache

Kalsiamu haingii mfupani bila vitamini D, na vitamini hiyo katika mimea ni haba mno. Ngozi huitengeneza ipigwapo na jua. Pwani yetu ina jua la kutosha mwaka mzima, lakini si jua la saa zote. Kliniki husema "jua la asubuhi," na wazazi huanika mtoto saa moja, ambapo miale inayotakiwa bado ni michache. Kuanzia saa tatu au saa nne mpaka saa tisa ndiyo yenye kazi. Mtu mzima mwenye ngozi nyeusi yamtosha robo saa hadi nusu saa, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadha kwa juma. Mtoto mchanga apewe dakika chache tu, uso umekingwa, asiachwe akaungua. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo.

Mkulima jembeni hana haja ya kufundishwa jua. Nawaza zaidi juu ya mama aliye arobaini ndani na mtoto wake amefunikwa gubigubi, na juu ya dada zetu wavaao buibui ambao kutoka kwao nje ni kwenda sokoni na kurudi. Dini haikukataza ua. Nyumba yenye ua uliozungushwa makuti ina mahali pa kukaa mikono wazi, kuchambua mchicha au kukuna nazi, bila jicho la mpita njia. Nyumba za kupanga za Kisauni na Changamwe, ambazo ua wake ni wa jamaa kumi, ni shida kweli, na kwa mama mjamzito wa nyumba hizo shauri langu ni kumwuliza mkunga habari za vidonge.

Mama anyonyeshaye ni kama yule kuku. Maziwa yake yana kalsiamu hata akiwa yeye hali kitu, kwa kuwa mwili huikopa katika mifupa yake. Deni hilo mwili hulilipa baada ya mtoto kuacha ziwa. Nami naona aongezewe majani sahanini, na yasibaki ya mwisho kwa kuwa baba na wageni wamekula kwanza.

Kuna vitamini nyingine, B12, ambayo haimo katika mmea wowote wa shambani. Mtu asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka hana njia nyingine ila kuinunua kama dawa. Katika hilo hakuna jani la kumwokoa, na wauzaji wa unga wa majani wanaosema vingine wasisikilizwe.

Mwisho wa hesabu si chakula pia. Huko Gambia wanawake wazee wa vijijini wamepimwa na kuonekana kwamba hupata kalsiamu kidogo sana maisha yao yote, na madini katika mifupa yao ni machache, lakini nadra kuvunjika. Wataalamu hutaja kazi zao za kulima, kutwanga na kubeba mizigo. Mfupa hujiimarisha kwa kutumiwa. Kwa hiyo bibi wa miaka sabini anayetaka kuendelea kupalilia aachwe apalilie, mradi kizingiti kiwe na taa usiku na bomba la maji lisipite njiani pake. Nao wazee wa mnazini wakumbuke kwamba tembo nyingi hudhoofisha mfupa, mbali na kumwangusha mwenyewe.

Wanaotaka kuanza msimu huu, kunde za majani ndizo za haraka, kwa kuwa majuma matatu au manne baada ya mvua kunyesha waanza kuchuma. Sukuma wiki haipendi joto letu. Kitalu kiwe chini ya kivuli cha makuti, na miche ihamishwe mvua za masika zinapopunguza makali ya jua. Wadudu mafuta wataifuata, wakaguliwe chini ya majani kila siku ya pili. Mlonge hauna masharti mengi. Kata tawi nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na zaidi kidogo, lichimbie mahali pasipotuama maji, karibu na jiko ili mpishi asione uvivu. Likishachipua na kukua, likate kwa kimo cha kiuno kila linaporefuka, maana mlonge ulioachwa huenda juu haraka, na majani yake huliwa na ndege tu.